Mwaka wa Jogoo na Kampuni

Fabien alipokuja kunitembelea mwezi uliopita, alikuwa amevaa kitambulisho shingoni, na hakukivua hata wakati wa kula. Kamba yake ikaingia kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akaifuta kwa leso, akairudisha kifuani kana kwamba bila hiyo nisingemjua. Nilimjua. Tulisomea useremala pamoja hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, yeye kijana wa Bukavu mwenye Kifaransa cha shule na sauti ya kwaya, mimi binti wa Kindu niliyekuwa nauza nyanya sokoni. Baadaye alipata nchi, kama tunavyosema hapa mtu akichukuliwa kwenda Kanada, na siku hizi anarudi Afrika kwa ndege, anafikia hoteli ya City Centre, Lilongwe, na kazi yake ni kuwafundisha walimu wa ufundi namna ya kufundisha. Nilimpikia bugali ya muhogo, ile sombe na samaki, nikamwacha ashibe kwanza, maana mtu mwenye njaa hujibu maswali vibaya. Alipomaliza akanawa mikono, akasema, "Zaituni, we unajua système yetu iko wapi leo?"

Nikamwuliza système gani, kwani sisi tuliwahi kuwa na système.

"Ile Kampuni. Iko Zambia, iko Musumbiji, na mwaka yenye inakuya itafika mbali zaidi. Bantu banaiita mfumo wa Dzaleka. Mi njo ninaifundisha." Akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Na uzuri yake ni hii: haiombe patron, mwajiri wa inje. Hata mumoja."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikagundua kwamba nacheka peke yangu, nikamwongezea chai. Hakuwa anatania. Alinionyesha picha kwenye simu: chumba cha matofali katika nchi nyingine, vijana wa watu wengine, na juu ya mlango kibao kilichoandikwa Kampuni. Kile ambacho sisi wawili tulikilaani asubuhi na jioni kwa miezi, leo kina vitabu, kina semina, kina chakula cha mchana cha wageni waalikwa. Nilimsindikiza hadi kwenye gari lake bila kubishana, jambo ambalo si kawaida yangu. Nimebishana na wauza mahindi wa soko la Mponela na kuwashinda. Lakini mtu akikusifia jeraha lako kwamba ni urembo, utaanzia wapi bei?

Mwaka ule wa useremala nilikuwa na miaka kumi na tisa. Meza yangu ya nyanya ilikuwa ubavuni mwa meza ya Mzee Saleh, muuza samaki wakavu, mtu wa Kindu kama mimi, mdomo mkali, aliyekuwa akiwatukana wateja na bado wanarudi. Ndiye aliyekuwa mkubwa wangu hapa kambini. Sikuwa na mwingine. Uliingia mradi wa ufundi, ukatangaza kwa kipaza sauti kwamba unatafuta vijana wa useremala, na kwamba wasichana watapewa nafasi kwanza, na kwamba kuna chakula cha mchana. Nililisikia la tatu kabla ya lile la pili. Nikamwachia Mzee Saleh meza, tukakubaliana agawane nami faida, akaniibia tangu siku ya kwanza, nami nikamwambia najua, naye akasema vizuri kwamba najua.

Darasa lilikuwa chumba kimoja kirefu, bati juu, madirisha yasiyo na vioo, harufu ya paini mbichi na ya maharage yaliyokuwa yakichemka nje. Mwalimu wetu alikuwa Otieno, Mkenya mrefu mwenye shati la mikono mifupi na kalamu nne mfukoni, ambaye alikuwa ameufundisha mfumo huo katika kambi moja ya kwao kabla ya kuletwa Malawi. Ukutani alibandika karatasi kubwa yenye duara na mishale. Alitueleza kwamba mfumo umezaliwa Ulaya, katika nchi ya baridi, ambako kijana anakaa darasani siku mbili za juma na siku tatu anakaa katika kampuni ya kweli, na kampuni inamlipa. "Huko kampuni zinapigania wanafunzi," alisema, "na mwenye kampuni akikosa mwanafunzi anaona haya." Tulimtazama kama mtu anayesimulia ndoto. Kitabu chenyewe kilikuwa na michoro ya madirisha yenye vioo viwili kwa ajili ya theluji, na kila tulipofika ukurasa wa namna hiyo Otieno alisema ruka hiyo, tukaruka, mpaka ikawa tunaruka zaidi kuliko tunavyosoma.

Jioni nilimsimulia Mzee Saleh. Aliacha kupanga samaki wake. "Patron analipa mutoto juu akuje kumuharibia mbao?" akauliza. Nikasema ndivyo. "Hiyo ni inchi ya bawazimu," akasema, akarudi kwenye samaki. Kwetu mambo yanakwenda kinyume: anayejifunza ndiye anayebeba kitu kwenda kwa fundi, na fundi ndiye anayejivuna. Siku hizi nauza mitumba, na sijawahi kuiuza bila kukumbuka mazungumzo yale. Koti la theluji likifika sokoni, mmoja anakata mikono, mwingine anabandua manyoya ya kofia, wa tatu analigeuza mto wa kiti. Na kila mmoja anaapa kwamba anauza koti. Otieno aliniambia mwenyewe kwamba kule Kenya walikosa kampuni, wakatumia mafundi wa jua kali wa kando ya barabara, na ikaenda vizuri. Hapa Malawi, mkimbizi hatakiwi hata kulala nje ya kambi bila kibali. Kwa hiyo koti lilifika kwetu likiwa halina mikono tayari, na sisi ndio tuliotakiwa kulivaa.

Namsifu Otieno kwa jambo moja: alitembea. Alizunguka Lilongwe kwa miguu, karakana baada ya karakana, akisikia hapana kwa Kichewa na kwa Kiingereza, mpaka akampata Bambo Mwale wa Area 18. Bambo ni baba, ndivyo Wamalawi wanavyomwita mtu mzima. Alikuwa mfupi, mzee wa kanisa, mwenye kidole kimoja kilichopinda kwa sababu ya msumeno, na alitengeneza milango ambayo watu walikuja kuifuata kutoka mitaa ya mbali. Alikubali wanafunzi wawili. Tukachaguliwa Fabien na mimi, yeye kwa sababu ya Kiingereza, mimi kwa sababu nilikuwa nimejifunza Kichewa cha sokoni, chenye matusi yake yote. Tukapewa vibali vya kulala mjini siku za kazi. Kuhusu ule mshahara wa kutoka kampuni, ulipatikana hivi: mradi ulimpa Bambo Mwale pesa, Bambo Mwale akatupa sisi, sisi tukatia sahihi kwamba mwajiri ametulipa. Mimi ni mfanyabiashara. Pesa ikizunguka bila kununua kitu, naitambua kwa mwendo wake.

Karakana ilikuwa banda lililoegemea ukuta wa nyumba yake. Fabien alilala humo kati ya mbao, mimi nililala chumba kimoja na mabinti wa Bambo Mwale, ambao walinifundisha Kichewa kisicho na matusi. Mama mwenye nyumba, Amayi, alipika nsima laini kuliko bugali yetu, na usipa, dagaa wao, kwa nyanya, na tulikula sote ukumbini, redio ikisoma matangazo ya vifo. Kula tulikula. Lakini kazi hatukupewa. Tulifagia vumbi la mbao, tulibeba, tulishikilia upande wa pili wa ubao wakati yeye anakata. Randa hakutugusisha. Nikiinyooshea mkono, aliisogeza kwa upole, kama unavyosogeza kikombe cha moto mbele ya mgeni. Na ndilo lililoniuma: tulikuwa wageni. Alituheshimu mno. Fundi anayekuheshimu hakufundishi. Atakufundisha yule anayeweza kukuambia una mikono ya mbao na usiondoke. Otieno alipokuja kukagua, alituuliza tunajifunza nini, na Fabien akasema tunajifunza uvumilivu, naye akaandika kitu.

Mwisho wa juma mmoja nilirudi kambini nikamlalamikia Mzee Saleh. Alinisikiliza huku akifukuza nzi. Akauliza ni nani aliyetupeleka kwa huyo fundi. Nikasema Otieno. Akauliza Otieno alibeba nini. Nikasema alibeba karatasi. Mzee Saleh akacheka kwa dharau, akaniambia jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu utoto na mradi ulikuwa umenisahaulisha. "Hamukukabidhiwa. Mulango haiko wazi juu hakuna mwenye alibisha."

Kwetu mtoto hapelekwi kwa fundi mikono mitupu. Mkubwa wake anakwenda naye, na jogoo mzima, na kitenge cha mke wa fundi, na kitu kitamu. Yanasemwa maneno machache, jogoo anapokelewa kwa mikono miwili, analiwa siku hiyohiyo na wote, na kuanzia hapo mtoto ni wa fundi, kwa kupigiwa kelele na kwa kufundishwa. Wa Bukavu wana lao linalofanana na hilo, na Fabien, pamoja na Kifaransa chake chote, alikubali mara moja. Tulichanga. Jogoo tulimtoa Mponela, ambako niliwazungusha wauzaji watatu mpaka mmoja akanipa kwa hasira. Alikuwa na mkia uliochakaa lakini alikuwa na sauti. Kitenge Fabien alikitafuta, sukari akaitoa Mzee Saleh mwenyewe, jambo ambalo sokoni hawakuliamini nilipowaambia.

Mzee Saleh alivaa koti, akaja nasi Area 18. Alisimama katikati ya vumbi la mbao, jogoo kwapani, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, nami nikatafsiri kwa Kichewa: "Hawa batoto, kuanzia leo bakikosa, bamekosea kwako. Bakijua, bamejulia kwako. Mi niko mashahidi." Bambo Mwale aliduwaa. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia hivyo. Akaacha nyundo, akanawa mikono kwenye ndoo, akapokea jogoo kwa mikono miwili akiwa amepinda magoti kidogo, kama Wamalawi wanavyopokea kitu kizito. Akasema zikomo, asante ya kwao, akarudia. Mzee Saleh alichinja mwenyewe, ili mimi na yeye tuweze kula, na Amayi akatoka amejifunga kile kitenge kabla hata nyama haijaiva. Tulikula nsima na mchuzi, wazee wawili wasio na lugha moja wakacheka kwa mambo waliyoonyeshana kwa vidole.

Kesho yake asubuhi Bambo Mwale alinipa randa. Hakueleza. Nilisukuma mara moja, akaniambia kwamba nyanya zangu zina bahati nimeziacha. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa kibali. Kuanzia hapo alitukaripia kutwa nzima. Alitufunga macho kwa kitambaa akatufanya tusikilize ubao: ukienda na nyuzi unanong'ona, ukienda kinyume unalia. Alitufundisha kukata kiungo cha meno kinachoshika bila msumari, na kwa nini mlango wa mvua haukazwi kama mlango wa kiangazi. Fabien alikata kidole, akafungwa, akaambiwa kidole ni chake lakini ubao ni wa mteja. Kwa muda ule mfupi mfumo ule wa Ulaya ulifanya kazi Area 18 barabara kama unavyosimuliwa, kampuni na mwanafunzi, na kilichouwasha ni jogoo wa Mponela. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Hakuna kitabu chao chenye ukurasa wa jogoo.

Kisha akaja dada wa ofisi ya mradi. Simlaumu, alikuwa kijana, mpole, mtu wa kutoka huko mfumo ulikotoka, mwenye ofisi City Centre na maswali yaliyopangwa. Alikaa kwenye benchi la karakana, akanywa chai ya Amayi, akamuuliza Fabien kwa Kiingereza kama tunalipwa, kama tunapigwa, kama tuna viatu. Halafu akauliza kama mwajiri amewahi kupokea kitu chochote kutoka kwetu. Nilimkanyaga Fabien mguu. Akanigeukia akaniuliza kwa Kiswahili kwa nini ninamkanyaga. Kisha, kwa sauti yake ya kwaya na kwa fahari ya mtu aliyelelewa vizuri, akamweleza yote: jogoo, kitenge, sukari, maneno ya Mzee Saleh, hata mkia uliochakaa. Amayi aliposikia kitenge kikitajwa akasimama akajizungusha kumwonyesha mgeni. Dada akatabasamu, akaandika, akashukuru kwa chai.

Jumatatu iliyofuata Otieno alikuja na gari la mradi kutuchukua na magodoro yetu. Katika mfumo, alisema, mwajiri humpa mwanafunzi. Mwajiri anayepokea kutoka kwa mwanafunzi ananyonya, na karakana ya namna hiyo inafutwa. Na kibali chetu cha mjini kilikuwa kimefungwa kwenye karakana. Bambo Mwale alisimama mlangoni na patasi mkononi, hajui amefanya nini. Nilijaribu kumweleza, nikakosa Kichewa cha kueleza kwamba ameadhibiwa kwa kuwa mkarimu. Otieno alitazama barabara mpaka tulipotoka mjini. Kisha akamwambia Fabien, bila ukali, "Kijana, hata kule kwetu mafundi walikuwa wanapewa kitu. Sisi tulikiita mchango wa vifaa. Hakuna aliyekuja akakiita kuku."

Ndipo ikaundwa Kampuni. Kwa kuwa mfumo unataka kampuni, na za mjini zimekuwa hatari, ofisi iliamua kampuni ijengwe humuhumu kambini. Chumba cha stoo kando ya darasa kilipakwa chokaa, kikabandikwa kibao. Siku mbili tulikaa darasani. Siku tatu tulitoka mlango mmoja, tukatembea hatua chache, tukaingia mlango mwingine, tukawa kazini. Otieno alikuwa mwalimu upande huu na mkurugenzi upande ule. Tuliandika barua za kuomba kazi, tukampa Otieno, Otieno akatuhoji. Fabien alishindwa usaili wa kwanza kwa sababu alimwita mkurugenzi mwalimu. Tukawa na bibi wa mapokezi, tukawa na mteja, ambaye alikuwa mmoja wetu kwa zamu, anayeingia na kusema kwamba anataka mlango. Mbao zilikuwa za mlango mmoja tu. Tuliutengeneza, mteja akaupokea, akatoa shukrani, tukaubomoa, tukautengeneza tena. Mashimo ya misumari yalikuwa mengi kuliko ubao. Zamu yangu ya uteja ilipofika niliomba punguzo, na mkurugenzi akasema mazoezi hayana punguzo. Nikamwambia basi mlango ni mbaya na sinunui. Otieno akavua miwani, akakaa kwenye kiti cha mteja, akasema, "Zaituni, unafikiri mimi nimesomea maigizo?"

Cheti changu, niseme hapahapa, kina jina la ile Kampuni. Area 18 haimo. Na wanafunzi wote waliokuja baada yetu walianzia Kampuni na kuishia Kampuni, kwa maana ofisi iligundua kwamba chumba cha stoo hakiombi kibali, hakiombi nauli, na hakijawahi kupokea jogoo. Sisi ndio tulikuwa wa mwisho kuonja fundi. Hayo ndiyo Fabien anayoyafundisha leo na kitambulisho shingoni, na labda katika nchi ya tatu au ya nne, ikishapitia mikono mingine, Kampuni itakuja kuwa kitu cha maana. Sijui. Mitumba nayo humpata mtu wa kumtosha. Lakini mimi nilikuwa ndani ya chumba kile, nikibomoa mlango kwa mara ambazo niliacha kuzihesabu, na mtu anijuaye anajua hilo lina maana gani.

Siku moja, tukiwa bado ndani ya Kampuni, nikaenda City Centre. Niliomba ruhusa ya siku moja kwa kisingizio cha jino. Ofisi ilikuwa na ubaridi wa mashine na kiti kinachozunguka, na dada alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki akanisikiliza vizuri. Sikwenda kulia, nilikwenda kununua. Nilimuuliza kosa ni lipi hasa, kutoa au kubaki nacho. Akafikiri, akasema ni mwajiri kubaki nacho. Nikauliza je, akikirudisha. Akatoka kuulizia, akakawia, akarudi na jibu: mwajiri akirudisha vitu vilevile, au vya thamani hiyo, mbele ya ofisi na mbele ya wanafunzi, atakuwa amesafishwa, nasi tutarudi kwake kumalizia miezi iliyobaki. Nilitoka nikitembea kama mtu aliyepata gunia kwa bei ya debe.

Mzee Saleh hakufurahi. Aliniacha nimalize, akaniambia niketi. "Kuku ikirudi, unajua ni nini." Nilijua, na nilikuwa nimejizuia kulifikiria tangu City Centre. Kwetu fundi akimrudisha jogoo amemkataa mtoto. Anamrudisha mbele ya mashahidi, hasemi sababu, na hakuna fundi mwingine anayeuliza, wanajua. "Mi nilisimama pale mashahidi," alisema Mzee Saleh. "Atanirudishia mimi. Soko nzima itaona." Nikamwendea Otieno nikamweleza. Akasema anaelewa, na kwamba nichukue kuku niende. Fabien akasema ni kuku tu, na Mungu anaangalia moyo. Nikamjibu kwamba Mungu hakai sokoni Dzaleka. Kilichonichoma zaidi si soko. Ni kwamba Bambo Mwale alinipa randa kwa sababu nilikuwa mtoto wake, na kwamba nitakapopokea yule ndege nitakuwa nimerudi kwake mgeni tena, mwenye karatasi safi, nikisogezewa kikombe cha moto. Lakini nisipompokea, nabaki na ule mlango wa kubomolewa. Nilitafuta mwanya kati ya hayo mawili kila siku mpaka siku yenyewe, na mimi sijawahi kukosa mwanya, nikakosa.

Walikuja mchana, gari la mradi, dada wa ofisi mbele na Bambo Mwale nyuma amevaa koti la kanisani. Tulikuwa tumesimama mbele ya Kampuni, na soko lilikuwa limehamia pale, kama Mzee Saleh alivyosema. Yeye mwenyewe alisimama mbele yao, mikono kifuani. Bambo Mwale alishuka na fuko la sukari, na kitenge kipya kilichokunjwa, na jogoo. Alikuwa anatabasamu. Aliambiwa hili litatusaidia, na alikuja kutusaidia. Akanikaribia akaninyooshea yule jogoo kwa mikono miwili.

Nikamtazama ndege, kwa mazoea tu, kama ninavyomtazama kila ndege. Alikuwa mkubwa kuliko wetu. Mkia mzima, unang'aa, kifua cha kutosha watu wanane. Wetu tulimla, mifupa yake niliitupa mwenyewe. Huyu hakuwa wetu. Na ndege ambaye si wako, aliyeletwa na mtu mwingine mpaka mbele yako, sokoni tuna jina lake.

"Bambo," nikasema kwa Kichewa, na mikono yangu nikaiweka nyuma, "huyu unauza bei gani?"

Tabasamu likasimama. Alinitazama mimi, akamtazama Mzee Saleh na ile mikono iliyofungwa, akautazama ule umati uliokaa kimya namna isiyo ya sherehe. Hakuijua desturi yetu, lakini alikuwa ameishi mjini miaka mingi, na mtu wa mjini anajua anapoulizwa bei kwamba kuna jambo. Akamrudisha jogoo kifuani kwake.

"Huyu?" akasema polepole. "Huyu ni ghali, mwanangu."

Akataja bei ya kutisha. Nikataja nusu yake, nikasema mguu wa kushoto unachechemea. Akasema mguu uko sawa, macho yangu ndiyo yanachechemea. Watu wakaanza kucheka. Nikasema kwa bei hiyo basi aweke kitenge na sukari humohumo, nichukue vyote kwa mkupuo. Akasema kitenge kimetoka dukani leo, je, nataka atembee uchi kurudi Lilongwe? Mzee Saleh aliifungua mikono. Akasogea akampapasa jogoo kifua, akaniambia kwa sauti, kwa Kiswahili, nisithubutu kuongeza, huyu mzee ni mwizi. Na kwa Kichewa chake kibovu akamwambia Bambo Mwale kwamba ndege ni mzee kama wao wawili. Dada wa ofisi alikuwa ameinua kamera, akamwinamia Otieno, akamuuliza tunasema nini. Otieno akafuta miwani yake. Kisha akamwambia kwamba wanashukuriana, na kwamba kwa watu hawa kushukuriana huchukua muda.

Tulifika bei. Nilikuwa na noti zilizokunjwa kwenye kiganja, akiba ya nyanya, na nilimpa Bambo Mwale mkono kwa heshima ya kwao, mkono wa kushoto ukishika kiwiko, na noti zikahama ndani ya salamu ile bila kamera kuziona. Akaziweka kwenye koti la kanisani. Nikapokea jogoo, kitenge, sukari. Dada akapiga picha ya mwajiri akirudisha, akafurahi, akatuambia kwamba tunaweza kuanza tena Jumatatu.

Bambo Mwale alimwendea Mzee Saleh akasema kitu, na Mzee akanigeukia nitafsiri. Nikamwambia anasema huyu mtoto anabana bei kupita kiasi, amemharibia siku, na Jumatatu afike mapema la sivyo atamkuta amefunga. Mzee Saleh akaitikia kwa kichwa, kwa makini, kama mtu anayepokea maagizo. Kisha akanishika mkono, tukatembea na jogoo wetu kuelekea sokoni, na tulipotoka mbele za watu akaniuliza nimelipa ngapi.

Nikamwambia.

"Alikuibia," akasema. Akasimama, akamtazama tena ndege, akauliza mara ya pili, nikamtajia bei ileile. "Alikuibia sana," akasema Mzee Saleh, na sikuwa nimewahi kumwona amefurahi vile.